Kila nikimkumbuka Mama, namwona mgonjwa

"Sista, salaam aleikum. Mama yangu alifariki miezi minane iliyopita hapa Jinja, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa na miaka 61. Aliuza mukene, hawa dagaa wa ziwani, huko Masese tangu mimi sijaanza shule, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko. Nilimuuguza nyumbani miezi mitano ya mwisho. Shida yangu ni kwamba nikimkumbuka namwona yule wa mwisho tu: mifupa, ile harufu, macho yasiyofumba vizuri. Yule mama wa Masese nikimtafuta simpati. Usiku ule nilimpa morfini saa nne kama kawaida, kile kipimo maradufu cha kulalia alichonifundisha nesi, akafa saa nane na nusu. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa hapati mkojo na analala tu. Mjomba anasema mbele za watu kwamba dawa ndiyo iliyommaliza. Kwenye simu nina sauti zake za WhatsApp, siwezi kuzifungua. Kaka yangu mkubwa anataka nguo zigawanywe na picha zishushwe ukutani, anasema arobaini ilishapita na mimi najitesa bure. Binti yangu wa miaka sita anauliza Jaja, yaani bibi yake, yuko wapi, nimemwambia amesafiri. Je, ninaumwa? Na nifanye nini ili nimkumbuke mama yangu kama alivyokuwa?"

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Ninavyokuelewa, hofu yako kubwa ni kwamba ugonjwa umekunyang'anya mama mara mbili, kwanza mwili wake na sasa kumbukumbu yake. Nikujibu mapema: hilo la pili halijatokea. Mama wa Masese yumo bado kichwani mwako, na njia za kumfikia zipo. Lakini nitaanza na maneno ya mjomba, maana naona ndiyo yanayokufunga pale kitandani. Mtu akiambiwa ameua, kila usiku atarudi kukagua: nilipima sawasawa? Niliona vizuri kwa ile taa? Na kila ukirudi kukagua, unayemkuta pale ni yule yule wa mwisho.

Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu tunayotumia Uganda, ni unga uliochanganywa na maji, kidogo cha dawa ya kuizuia isiharibike, na rangi ya kutofautisha nguvu. Ya kijani ndiyo hafifu, miligramu 5 katika kila mililita 5. Ilianza kuenea nchini baada ya Dkt. Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa wa magonjwa yasiyopona, mwaka 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Nguvu yake hudumu kama saa nne, ndiyo maana mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne. Ili asiamshwe usiku wa manane, dozi ya kulalia huongezwa maradufu na ile ya saa nane inarukwa. Nesi wako hakukufundisha jambo geni. Ndivyo tunavyofundisha nyumba zote.

Sasa tuhesabu saa. Morfini ya kunywa hufikia kilele chake ndani ya saa moja hivi, kisha huanza kushuka. Mama alikunywa saa nne usiku, akakata roho saa nane na nusu, wakati dozi ile ilikuwa inaelekea kuisha. Tena hakuwa mgeni wa dawa hiyo. Mwili wa mtu aliyeizoea kwa wiki nyingi, akiwa na maumivu makali, huibeba tofauti kabisa na mwili wa mtu mzima asiye na maumivu anayeinywa mara ya kwanza.

Jambo lililonieleza zaidi katika barua yako ni lile la mkojo. Saratani ya shingo ya kizazi ikikomaa huenea pembeni na kubana mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mirija ikizibwa, figo hushindwa kazi, na uchafu ambao ungetoka kwa mkojo hubaki kwenye damu. Mgonjwa huanza kulala mchana na usiku, hula kidogo au hali kabisa, wakati mwingine anaongea maneno yasiyoshikana, kisha huondoka. Ni moja ya njia ambazo ugonjwa huu huua mara nyingi, na ungefika pale hata kama kusingekuwa na tone la morfini ndani ya nyumba. Tofauti ingekuwa moja tu, angefika akilia.

Sitakuficha upande wa pili. Figo zikishindwa, morfini nayo hukawia kutoka mwilini, na muuguzi akilijua hilo hupunguza dozi au hutanua nafasi kati ya dozi na dozi. Kwa hiyo huenda katika siku zile mbili dawa ilimwongezea usingizi kidogo. Lakini uliyoyaeleza ni mwendo wa mwili uliokuwa tayari unafunga. Na fikiria hivi: kila mgonjwa anayenywa dawa kila saa nne ana dozi moja itakayokuwa ya mwisho, na anayeshika kijiko cha dozi hiyo ni yule aliyekesha naye. Mjomba hakushika kijiko kile.

Ushauri wangu ni kwamba umtafute yule nesi, umwombe apitie faili la mama pamoja nanyi, na mjomba awepo. Mimi sikumwona mama, yeye alimwona. Mjomba pia amefiwa na dada yake, na mara nyingi mtu asiyeshiriki kuuguza hutafuta wa kumlaumu kwa sababu hana pa kuweka uchungu wake. Mwacheni aulize maswali yote, hata ya ukali. Kama kuna chupa iliyobaki kabatini, nendeni nayo mkaikabidhi. Haifai kukaa nyumba yenye mtoto.

Tuje sasa kwenye kumbukumbu yenyewe.

Wengi hudhani kichwa kinaweka mambo kwa mpangilio, na kwamba unachokiona kwanza ndicho pekee kilichobaki. Sivyo kinavyofanya kazi. Tukio likija na hofu au uchungu, mwili humwaga adrenalini, na sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala huamuru tukio lile lihifadhiwe kwa nguvu kuliko mambo ya kawaida. Wewe uliishi miezi mitano katika hali hiyo, usingizi wa kukatikakatika, sikio moja liko chumbani kwake. Asubuhi za Masese zilikuwa za kawaida, maelfu kwa maelfu, hakuna aliyeziwekea alama. Halafu kuna jambo la pili: kumbukumbu inayoitwa mara kwa mara huzidi kuwa nyepesi kuitika. Tangu msiba umeuita usiku ule mara ngapi? Na Masese umeiita mara ngapi? Njia isiyopitwa huota nyasi, lakini inapoelekea pako pale pale.

La tatu linahusu mwisho. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walichapisha utafiti juu ya wagonjwa waliokuwa wakipimwa utumbo mpana, kipimo ambacho enzi hizo kiliuma. Baadaye wagonjwa walipoulizwa iliuma kiasi gani, majibu yao yalifuata zaidi maumivu yalipokuwa makali kabisa na dakika za mwisho. Urefu wa kipimo haukuhesabiwa sana. Kichwa cha binadamu kina tabia hiyo ya kuupa mwisho uzito usio wake. Mama yako aliishi miaka 61. Alikonda kwa miezi. Unapomwona aliyekonda peke yake, kichwa chako kinafanya hesabu ile ile iliyowakosesha wale wagonjwa, na hilo halina maana kwamba ulimpenda kidogo au umemsahau.

Kwa hiyo usipigane na picha ya mwisho. Watu hujilazimisha, "sitaki kumwona hivyo," na kadiri wanavyoisukuma ndivyo inavyorudi. Ikija, iache ije, mwambie mama pole, kisha uongeze picha nyingine hapo hapo, kwa makusudi, yenye kitu kimoja cha kushikika. Usiseme "alikuwa mchangamfu", hilo ni neno la kwenye tangazo la redio. Sema alivyoshika debe la kupimia mukene, alivyomjibu mteja aliyetaka nyongeza, kitambaa alichofunga kichwani siku ya Idi. Mwanzoni itakuwa kazi ngumu na utahisi kama unatunga. Baada ya muda zitaanza kuja zenyewe, nyingine wakati hujaziita, ukiwa unaosha vyombo au umekaa kwenye taksi.

Kuna kumbukumbu nyingine ambazo wewe huna kabisa na hutaweza kuzichimba kichwani mwako, kwa sababu ziko kwa watu. Nenda Masese. Nenda asubuhi, wakati mitumbwi imeshashusha na wanawake wanatandaza mukene juani, ukae na wale waliouza naye. Usiwaulize "mama alikuwaje," watakupa sifa za msibani. Waulize alikopesha nani, aligombana na nani, nani alimpa jina la utani, alifanya nini mwaka bei ya mukene ilipoanguka. Watakucheka, watacheka, na wewe pia labda utacheka, jambo ambalo halikatazwi hata mwezi wa nane. Wale wanawake wengi wao hawakumwona mama alipokonda. Wanaye yule unayemtafuta.

Andika utakayoyasikia. Hapa Uganda tuna mfano wetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za UKIMWI zilipokuwa ghali kupita uwezo wa watu, akina mama wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa 1992 na wanawake wanaoishi na virusi, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika ulipozaliwa, nani alikupa jina, ukoo wako na mila zake, chakula ulichokipenda, mimi nilikutana vipi na baba yako. Wengi walidhani ni kuwaandaa watoto kwa kifo tu, kumbe wale watoto walibaki na kitu cha kujibu "mimi ni nani". Mama yako hakuwahi kuandika, basi wewe na wenzako mtaandika kwa niaba yake. Daftari la shule linatosha. Bandika picha, na acha kurasa wazi kwa ajili ya mjomba, maana yeye ndiye pekee anayemjua mama akiwa msichana. Nimeona maneno makali ya msibani yakilainika mtu alipoombwa tu asimulie utoto wa marehemu. Si kila mara, lakini jaribu.

Kuhusu zile sauti, kwanza kabisa zinakili leo. Simu huibiwa, huanguka kwenye maji, na WhatsApp ikifutwa bila kuhifadhiwa ndiyo basi. Mpe kijana anayejua akuhamishie kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini. Huhitaji kusikiliza ili kunakili. Utakapokuwa tayari, chagua ya zamani, kabla ya ugonjwa, tena fupi na isiyo na jambo zito: "nimekutumia mukene na boda, toa pesa yake wewe." Sikiliza mchana, usiwe peke yako, mara moja, kisha fanya kazi nyingine. Utalia, na kilio hicho kina mwisho. Zile alizotuma akiwa mgonjwa ziache, hazina haraka. Na kama mwaka utapita hujafungua hata moja, hujamkosea mama.

Kaka yako ana haki kidogo na kosa kidogo. Ni kweli nguo za marehemu kuzitoa sadaka ni jambo jema, na vazi linalovaliwa na mwenye shida lina faida kuliko linaloliwa na nondo. Lakini arobaini ni dua na ni heshima kwa marehemu na kwa waliokuja. Haikuwekwa ili moyo ufunge hesabu. Majirani zetu Waganda na Wasoga hukaa miezi, wengine miaka, kabla ya kufanya shughuli ya mwisho ya kumaliza matanga na kumsimika mrithi, na hata baada ya hapo watu huendelea kulia. Nadhani hata kaka anaogopa zile picha kuliko anavyokubali. Patana naye: nguo zigawanywe, wewe uchague mbili au tatu kwanza, na moja uiweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri kabla haijafuliwa, maana harufu ya mtu huisha haraka na haipatikani tena. Picha zibaki. Kama ile kubwa ya sebuleni inamuumiza, ihamie chumbani kwako.

Na akikuambia kuna hatua tano za huzuni ambazo ungepaswa uwe umezimaliza, ujue hivi. Zile hatua aliziandika Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa, ingawa siku hizi hata mitaani zinatajwa hivyo. Wafiwa wengi huenda na kurudi: leo unauguza uchungu, kesho unashughulika na ada ya shule na umesahau hadi jioni. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliueleza mwendo huo mwaka 1999 na wakasema kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia mtu. Siku ya kusahau usiione kama usaliti.

Binti mwambie ukweli, tena wiki hii. Mtoto wa miaka sita akiambiwa Jaja amesafiri, atangoja, na siku ukisafiri wewe kwenda Kampala ataogopa. "Amelala" ni mbaya zaidi, wapo watoto wanaokataa kulala. Tumia neno lenyewe: Jaja amekufa, mwili wake uliugua sana ukaacha kufanya kazi, haumwi tena na hatarudi. Mwambie kwamba si kosa lake na kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kukaa na mgonjwa wala kumbusu. Atauliza tena kesho swali lile lile. Jibu vile vile. Kisha mpe ukurasa wake kwenye lile daftari achore.

Jambo moja la kiafya nisilopenda kuliacha. Saratani hii karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV, wala hairithiwi kama jina la ukoo, na haina uhusiano na uchawi, kama kuna anayenong'ona hivyo. Wewe na dada zako nendeni mkapimwe kwenye kituo cha afya, hata kama hamsikii kitu. Chanjo ya HPV hapa Uganda hutolewa bure kwa wasichana wa miaka kumi, kwa hiyo zamu ya binti yako itafika.

Umeuliza kama unaumwa. Shirika la Afya Duniani linatambua hali ya huzuni iliyorefuka kupita kiasi, na haliipi jina hilo kabla ya miezi sita. Wewe umepita miezi sita, kwa hiyo siwezi kukuambia tu "ni mapema". Lakini muda peke yake hausemi kitu. Ninachotazama mimi ni kama maisha yako yamesimama: hulali wiki kwa wiki, huli, umeacha kazi, unakwepa watu wote, huwezi kumhudumia mtoto, unamwona mama akifa tena na tena hata mchana kana kwamba uko pale, au umeanza kunywa ili ulale. Kwa ulivyoandika naona mwanamke mwenye uchungu mwingi na lawama asiyoistahili, na bado anamhangaikia binti yake. Kama nimekosea, na moja ya hayo linakuhusu, usingoje. Na kama umewahi kufikiri afadhali umfuate mama, mwambie mtu leo hii, na leo hii aende nawe hospitali. Usilale peke yako na wazo hilo.

Mahali pa kuanzia ni yule yule nesi wa huduma ya nyumbani, kwa sababu timu za tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, hufuatilia pia familia baada ya mgonjwa kufariki, au hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako unaulizia kitengo cha afya ya akili. Ukubwa wa shida ukihitaji, watakupeleka Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Imamu au shangazi unayemwamini wanafaa sana kwa kusindikiza na kusikiliza, wasichukue tu nafasi ya matibabu. Na ukifika kwa daktari usiseme "kichwa kinaniuma na nina mawazo mengi", utarudi na panado. Sema hivi: mama yangu alikufa miezi minane iliyopita, nilimuuguza mimi, nalala saa hizi na hizi, naamka na picha hii, na kuna mtu ananiambia nilimuua. Hayo matano yatamwonyesha pa kuanzia.